Mpwa wako ana kilo 46? Shida yake haitakuwa ngumi

Mjomba mtu, nimekuelewa. Kijana ana miaka 19, kilo 46 akiwa ameshiba, ameshinda mapambano kadhaa ya ridhaa hapa Malindi, na sasa anataka kuacha kozi ya umeme aingie ndondi za kulipwa. Unauliza kama uzani huo una maisha, maana nyumbani wanasema ataumizwa kwa udogo wake.

Mimi nimepigana kwa kilo hizohizo miaka saba. Nilianzia kwenye banda la mabati kule Maweni, mfuko wa mazoezi tumeujaza vitambaa na mchanga. Watalii wa Kiitaliano walikuwa wakinipiga picha wakidhani ni mtoto wa shule. Kwa hiyo nisikilize: udogo haumuumizi mtu. Mwenye kilo 47 akipigana na mwenye kilo 47, ngumi ni sawa kwa sawa. Kazi ni kumpata huyo wa pili.

Uzani wenyewe mwisho wake ni ratili 105, yaani kilo 47.6. Kuna wanaouita straw, kuna wanaouita minimum, na wengine mini-fly, inategemea mkanda ni wa nani. Ni uzani mchanga: IBF na WBC, mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, walianza kuutolea mkanda mwaka 1987, wenzao wa WBA wakafuata 1988. Juu yake kuna light-fly, ratili 108, kisha fly, ratili 112. Hapo kwenye fly ndipo utawakuta mabondia wetu wengi wadogo. Chini ya hapo ni kama uwanja baada ya mechi.

Hata kwenye ridhaa, mlango wa Olimpiki umefungwa. Zamani mtu wa kilo 48 alikuwa na nafasi yake. Stephen Muchoki wetu alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 kwa uzani huo. Olimpiki waliuingiza 1968, baadaye ukawa kilo 49, na kufika michezo ya Tokyo wakauondoa kwa wanaume. Paris 2024 mwanamume mwepesi kabisa alikuwa wa kilo 51. Kwa mizani hiyo ya Paris, mpwa wako angeanza na deni la kilo tano. Sishangai anakimbilia kulipwa.

Sasa nikwambie kulikoje huko. Pambano langu la kwanza la kulipwa lilikuwa Mombasa. Asubuhi ya kupima uzito nilikula mahamri matatu na mbaazi za nazi, nikashushia chai, nikapanda mzani: 47.1. Mpinzani wangu alikuwa kwenye kona, amejifunika koti la mvua katika joto la Machi, anatema mate ndani ya kopo tupu la rangi. Akapanda: 49.8. Akavua mpaka kaptura, wenzake wakamshikia taulo: 49.6. Promota akanivuta pembeni. "Kijana, wa kilo zako hayupo. Pigana, nitakuongeza kitu." Nikapigana. Kesho yake ulingoni yule bwana alikuwa ameshakunywa maji na kula pilau yake, na kila aliponiegemea tukishikana nilihisi nimebebeshwa gunia la nazi. Sikuanguka. Nilishindwa kwa pointi, raundi sita, na kile kitu cha kuongezwa nakingoja mpaka leo.

Lakini hilo si baya kama kungoja. Mwaka mmoja nilifanya mazoezi miezi kumi na moja, nakimbia ufuoni alfajiri mpaka karibu na mdomo wa mto Sabaki, nikapanda ulingoni mara moja tu. Mapambano matatu yaliota mbawa: mmoja alinenepa, mmoja alihamia fly, la tatu bango lilishabandikwa na jina langu limekosewa, kisha pesa zikakosekana. Huku mama ananiuliza kila siku, "Leo pia ni mazoezi tu?"

Uzani huu unaishi kwingine: Japani, Thailand, Ufilipino, Meksiko, Puerto Rico, na kwa Afrika, Afrika Kusini, kwao Nkosinathi Joyi aliyeshika mkanda wa IBF mwaka 2010. Ricardo López wa Meksiko alichukua mkanda wa WBC Tokyo mwaka 1990 na akastaafu bila kushindwa, ushindi 51 na sare moja. Wanheng Menayothin alishinda mara 54 mfululizo kabla ya kupoteza 2020, akaipita ile rekodi ya ushindi 50 ya Floyd Mayweather, na karibu kazi yote aliifanyia kwao Thailand. Nenda jetini uulize nani anawajua. Hata mwaka 2024, Oscar Collazo wa Puerto Rico alipounganisha mikanda miwili kule Riyadh, pambano lake lilikuwa la utangulizi.

Kwa hiyo bondia wa kwetu hupigiwa simu wiki mbili kabla, aende ugenini kwa bingwa wa watu. Malipo huzidi ya nyumbani, ila wanaokuita hawajakuita ushinde. Mimi nilikwenda mara moja. Nilirudi na jicho limevimba na bati za nyumba ya mama, sijuti.

Kozi asiache. Fundi umeme anajipangia saa zake, na bondia wa uzani huu atakuwa na saa nyingi za kujipangia. Msimshindilie sima afike kilo 51 kwa nguvu, atakuwa mzito wa tumbo tu. Miaka 19 bado anakua. Mwenzangu mmoja wa banda lile tulikuwa na kilo sawa, akafika miaka 23 yuko bantam, uzani wa juu kuliko fly. Angoje kwanza mwili uamue. Na siku akisaini, karatasi iseme mpinzani akizidi uzito analipa kiasi gani, au pambano halipo. Mdomo wa promota usiutie mfukoni.

Mlete banda la Maweni Jumamosi saa moja asubuhi, asiache kunywa chai. Nataka nimwone akipanda mzani. Wetu unapunja nusu kilo, lakini tumeuzoea.