Mchirizi Ndio Unaodanganya: Kukagua Rangi Adimu za Kiwandani kwenye V8 za Kimarekani

Tangazo la kuuza Dodge Challenger ya 1970 likiandikwa "rangi adimu ya kiwandani", wanunuzi wengi hukimbilia rangi. Wanafungua boneti, wanasoma kibati cha misimbo ya kiwandani, wanakuta FC7, yaani ile zambarau ya Plum Crazy, kisha wanatoa pesa. Rangi kweli ni ya kiwandani. Mchirizi je? Thamani ya gari la namna hii hubebwa na rangi na mchirizi kwa pamoja, na kati ya viwili hivyo mchirizi ndio rahisi kughushi: roli moja ya stika na mchana mmoja wa kazi. Ndiyo maana ukaguzi ufaao huanza na mchirizi.

Chrysler, kampuni iliyounda Dodge na Plymouth, inamsaidia mnunuzi kuliko wenzake wote. Kwenye Dodge na Plymouth za 1970, kibati kidogo kimefungwa kwa skrubu mbili kwenye fenda ya ndani ya kushoto, chini ya boneti. Husomwa kuanzia mstari wa chini kwenda juu, kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Chini kabisa utakuta injini (E74 ni ile injini iitwayo Hemi ya inchi za ujazo 426, E86 ni 440 ya kabureta moja, E87 ni 440 ya kabureta tatu), gia (D21 ni ya mkono yenye gia nne, D32 ni otomatiki), halafu namba ya chesisi. Mstari wa pili unataja rangi ya bodi, viti, tarehe ya kuundwa na namba ya oda. Vilivyoagizwa kwa nyongeza vinafuata juu yake kwa mpangilio wa alfabeti, na michirizi iko kwenye herufi V.

V6 ni mchirizi wa ubavuni na V9 ni mkanda unaozunguka mkia wa gari kama wa nyuki. Herufi ya mwisho ni rangi ya mchirizi: X nyeusi, W nyeupe, R nyekundu. Kwa hiyo FC7 pamoja na V6W ni zambarau yenye mchirizi mweupe wa ubavuni. V1X si mchirizi, ni paa la vinaili nyeusi, na wauzaji wasiojua huzichanganya. Angalia pia mwaka, kwa sababu misimbo ilihama: mkanda wa mkiani kwenye Dodge Charger ya 1969 ulikuwa na msimbo V8 (usiuchanganye na injini ya V8), mwaka uliofuata ukawa V9.

Kuna msimbo unaopuuzwa sana nao ni V68. Maana yake mnunuzi wa kwanza aliukataa mchirizi wa ubavuni. Kwenye 1969, aliyekataa mkanda wa mkiani aliandikiwa V88. Magari mengi ya aina hii yamebandikwa michirizi baadaye kwa kuwa mwenye gari aliona ubavu mtupu haupendezi. Kwa maoni yetu huko ni kuliharibu gari. Rangi kali iliyotoka kiwandani bila mchirizi, na kibati kinathibitisha hivyo, ni kitu cha kulindwa.

Jambo lingine linalowachanganya watu ni majina. Dodge na Plymouth walitumia rangi ileile kwa majina mawili. FC7 ni Plum Crazy kwa Dodge na In-Violet kwa Plymouth. FM3, ile ya waridi, ni Panther Pink kwa huyu na Moulin Rouge kwa yule. EV2 ni Hemi Orange na Tor-Red, FJ5 ni Sublime na Limelight. Muuzaji akikuambia 'Cuda yake (Plymouth Barracuda) ni Plum Crazy, hajakudanganya kuhusu rangi, ila ujue hajalisoma gari lake.

Ukikuta 999 mahali pa msimbo wa rangi, tulia. Hiyo ni rangi ya oda maalumu, na kibati hakisemi ni rangi gani. Hapo ushahidi lazima utoke kwenye chuma chenyewe au kwenye karatasi ya kiwandani, ile iliyosafiri na gari kwenye laini ya kuunganishia. Itafute kwenye springi za kiti cha nyuma na chini ya kapeti. Mara nyingi panya wameipitia, lakini hata kipande chenye mstari mmoja wa misimbo kina thamani. Usitegemee kumbukumbu za kampuni kwa magari haya: kadi ambazo Chrysler bado inazo zinaishia 1967. Kwa hiyo anayedai gari lake ni "moja kati ya mawili" kwa rangi na mchirizi, mwulize amehesabu kutoka wapi.

Na kibati chenyewe kinafungwa kwa skrubu mbili tu. Kinahamishika, na vya kughushi vinachapwa. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kibati na ile ya dashibodi, kisha na ile iliyogongwa kwenye chuma kinachoshika rejeta. Zisipolingana, usiendelee na mazungumzo ya bei.

General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, Pontiac na Buick, ni habari nyingine. Chukua Chevrolet Camaro ya 1969. Kibati kiko kwenye ukuta wa injini, upande wa dereva, na kwa mwonekano wa nje kinataja rangi tu: 72 72 ni Hugger Orange juu na chini, 72 B ni Hugger Orange yenye paa la vinaili nyeusi, na vistari mahali pa namba ni oda maalumu. Michirizi ya Z/28, toleo la kasi la Camaro, haikuandikwa. Wala namba ya chesisi haikusaidii, kwani 124379N inasema tu kwamba ni Camaro ya V8, yenye milango miwili na paa la chuma, ya 1969, kutoka Norwood, Ohio. Bahati ni kwamba Norwood, kuanzia mwishoni mwa 1968, walianza kuongeza misimbo ya X kwenye kibati: X33 na X77 zinaashiria Z/28. Gari lenye L, yaani la Van Nuys, California, halina msaada huo. Ziliundwa Z/28 20,302 mwaka huo, na Camaro za kawaida zilizopakwa michirizi minene baadaye ni nyingi sana.

Ford na Pontiac wana nafuu ya karatasi. Ripoti za Marti hutolewa kutoka kumbukumbu za Ford za kuanzia 1967, na huduma ya PHS (Pontiac Historic Services) hutoa nakala za ankara za Pontiac. Agiza kabla ya kulipa. Kisha ukumbuke kuwa baadhi ya magari yalikuwa na uchaguzi mdogo kiasi kwamba macho yanatosha. Pontiac Trans Am ya 1969 ilikuwa nyeupe yenye michirizi ya buluu, basi. Ya 1970 ilikuwa nyeupe yenye buluu au buluu yenye nyeupe. Buick GSX ya 1970 ziliundwa 678: njano ya Saturn Yellow 491, nyeupe ya Apollo White 187. Ford Mustang Boss 302 ya 1969 ilikuwa na rangi nne.

Sasa chuma chenyewe. Kwenye Dodge na Plymouth, chumba cha injini kilipakwa rangi ya bodi, kwa hiyo rangi ya kwanza huonekana hapo, nyuma ya betri na chini ya bawaba za boneti. Kwenye Camaro usipoteze muda hapo, maana ukuta wa injini ulipakwa nyeusi kiwandani. Ng'oa badala yake taa ya nyuma, vua mpira wa buti, fungua bati la kizingiti cha mlango, angalia nyuma ya kisanduku cha dashibodi.

Mchirizi nao huacha kivuli. Rangi iliyofunikwa na stika kwa miaka mingi haikupigwa na jua sawasawa na jirani yake. Zima taa za gereji, shika tochi ilale karibu na ubavu wa gari, nuru ipite juu ya bati badala ya kulipiga uso kwa uso. Kama palikuwa na stika, utaona ukanda uliokolea kidogo, wenye ukingo ulionyooka, hata kama stika iling'olewa zamani. Kama palibandikwa juzi, hakuna kivuli chochote chini yake.

Halafu tumia ukucha. Rangi za kiwandani za miaka ile hazikufunikwa na vanishi. Stika ya Dodge ilikaa juu ya rangi, mchirizi wa Camaro ulipulizwa juu ya rangi, na kote unapopitisha ukucha unakwama kwenye ukingo. Ukiteleza bila kugusa kitu, mchirizi umezikwa chini ya vanishi, yaani gari limepakwa upya. Kwa Mustang Mach 1 ya 1969 na Boss 302 ya 1970 kuna kipimo kingine: michirizi yake iliakisi mwanga. Mulika tochi usiku ukiwa umesimama hatua kadhaa mbali. Isiporudisha mwanga, ni ya kisasa.

Kipima unene wa rangi kinasaidia ukijua mipaka yake. Kiwandani tarajia takriban mikroni 75 hadi 130. Ikipita 300, limepulizwa tena. Ikifika 1,000, umekuta puti. Kipima cha sumaku hakisomi fiberglasi, kwa hiyo boneti ya Challenger T/A au AAR 'Cuda haitakupa jibu.

Ukiamua kulirudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani, usishike msasa kabla ya kunakili mchirizi uliopo. Tandaza karatasi nyembamba, chora kingo zote, pima umbali kutoka mkunjo wa bati na kutoka ukingo wa mlango, pande zote mbili, kwa sababu mara nyingi kulia na kushoto hazikulingana tangu kiwandani. Saga kwa maji na uvae barakoa yenye kichujio: rangi nyingi za machungwa na njano za wakati huo zilikuwa na risasi. Risasi hiyohiyo ndiyo iliyofanya rangi ifunike haraka. Za leo hazina, hivyo EV2 juu ya praima ya kijivu iliyokoza itahitaji mapigo (matabaka) mengi na bado itaonekana imefifia. Tumia praima nyeupe au ya kijivu hafifu.

Kabla ya gari, puliza rangi kwenye kadi tatu za majaribio: pigo moja, mawili, matatu. Ziangalie juani. FC7 ina chembe za metali, na shinikizo la bunduki likibadilika, zambarau inageuka. Nunua rangi yote kwa mkupuo mmoja. Lita 4 zinaweza kutosha nje, lakini Challenger ina chumba cha injini na miimo ya milango, na kuongeza kopo la mchanganyiko mwingine katikati ya kazi ndiko kunakoleta mlango usiofanana na fenda.

Stika isubiri. Rangi iliyokaushwa kwa hewa ipewe siku 30, kwani mvuke wa thina unaoendelea kutoka hujikusanya chini ya stika na kuinua mapovu ambayo hakuna sindano itakayoyamaliza. Futa nta na mafuta, nyunyiza maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Sabuni ikizidi gundi haishiki. Funga stika katikati kwa maskingi tepu, bandika nusu moja kisha nyingine, ukisukuma maji kutoka katikati kwenda kingoni kwa kipande cha plastiki kilichovikwa kitambaa. Usiivute kwenye mikunjo. Iliyovutwa itarudi nyuma baada ya wiki chache na kuacha ukingo wenye vumbi. Ipashe joto kidogo, ilale yenyewe. Usipulize vanishi juu yake: gari lililothibitishwa kwa kibati na karatasi linastahili ukingo unaokwama ukucha.