Mlango wa kugundua chuma kwenye jengo letu: tununue?

SWALI: Salaam, kaka. Nasimamia jengo la biashara la ghorofa nne huku Nyali, Mombasa. Chini pana benki na maduka, juu kliniki na ofisi. Mwenye jengo anataka tununue mlango wa kugundua chuma, ule unaopita katikati kama fremu. Kwa sasa walinzi wana kidude cha mkononi na kile kioo cha kukagulia chini ya gari. Mlango huo utatufaa kweli, au tutakuwa tumenunua pambo? La pili, wapangaji wawili wamelalamika kwamba akina mama wa buibui hukaguliwa kuliko watu wengine. Nishauri.

JIBU: Wa salaam, dada. Kabla hamjatoa hata shilingi, fanya jaribio. Chukua mkoba, tia kufuli kubwa na chupa ya chai ya chuma, mpe mtu ambaye walinzi wako hawamjui, apite getini saa mbili unusu asubuhi watu wakiwa wamejaa. Mimi huanza hivyo kila ninapoitwa kwenye jengo jipya. Jengo la mwisho kidude kililia, mlinzi akakipitisha tena, kikalia tena, naye akasema, "Karibu, madam." Simlaumu. Tangu alfajiri alikuwa amesikia mlio ule kwa funguo, simu, mikanda na sarafu. Kwake ulikuwa umeshageuka salamu.

Kwa hiyo jibu langu ni msinunue, angalau si sasa. Mashine inajua kusema "hapa pana chuma" na basi. Anayeamua chuma hicho ni nini, na anayethubutu kumwambia mtu "hupiti", ni mlinzi. Kama mlinzi wa namna hiyo hayupo, fremu italia siku nzima na watu watapita siku nzima.

Hii tabia ya kukaguliwa mlangoni hatukuzaliwa nayo. Nilipokuwa soja kijana Nairobi, uliingia jengo la mjini kama unavyoingia sokoni. Ikaja Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Lori lenye bomu lilifika geti la nyuma la ubalozi wa Marekani, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Mlinzi asiye na bunduki akakataa kufungua kizuizi. Jamaa waliokuja na lori wakarusha guruneti, na watu wa majengo ya jirani, waliposikia mshindo, wakakimbilia madirishani kutazama. Ndipo bomu lenyewe lilipolipuka. Jengo la Ufundi likaporomoka, watu 213 wakafa, maelfu wakajeruhiwa, na wengi wakapoteza macho kwa vipande vya vioo. Asubuhi hiyo hiyo ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam nao ulilipuliwa, wakafa watu 11. Huko gari la bomu halikuingia ndani ya ubalozi, kwa kuwa lori la maji lilikuwa limekaa mbele yake getini.

Fundi wa usalama akiitazama siku ile anaona mambo mawili, na yote mawili yanahusu jengo lako. La kwanza ni umbali. Ukisogeza mlipuko mara mbili mbali zaidi, msukumo wake haupungui nusu tu, hupungua sana kuliko hapo. Ndiyo maana Wamarekani walihama katikati ya jiji wakaenda Gigiri kwenye uwanja mpana. Nyinyi hamwezi kuhamisha jengo, ila mnaweza kuhamisha magari. Kama wateja wa benki wanaegesha ukutani, chini ya madirisha ya kliniki, waondoeni hapo, kisha mpange nguzo za zege au masanduku mazito ya maua ili gari lisirudi. La pili ni vioo vya madirisha. Kuna karatasi ya plastiki inayobandikwa kwa ndani, kioo kikivunjika kinabaki kimeshikana badala ya kuruka. Pamoja nayo, wafundishe wapangaji jambo ambalo Nairobi ililijua kwa damu: ukisikia mshindo, usiende dirishani. Lala chini, mbali na kioo.

Kile kioo cha chini ya gari nacho kina neno. Nusu ya walinzi ninaowafundisha hawajawahi kuona gari kwa chini. Wanasukuma kioo, wanaona tope, wanasema "sawa, nenda." Ongea na fundi yeyote wa gereji hapo karibu, mpelekee walinzi wako asubuhi moja. Apandishe Probox kwa jeki, awaonyeshe tangi, ekzosi, mahali pa tairi la akiba, waya zinazotakiwa kuwepo. Mtu hawezi kuona kilichozidi kama hajui kilichopo.

Sasa twende Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi, maana ndipo fremu hizi zilipoanza kununuliwa kama maandazi. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, karibu na adhuhuri, watu wanne wenye bunduki hawakusimama foleni wafunguliwe mikoba. Waliingia wakipiga risasi. Watu 67 waliuawa. Ukaguzi wa mlangoni humkamata anayeficha kitu. Asiyeficha hakamatwi na fremu. Kwa mtu huyo kinachookoa roho ni muda: watu watatoka kwa njia gani, nani anapiga simu wapi, na msaada unafika lini ukiwa chini ya amri ya nani. Westgate ilichukua siku nne, na askari wa polisi na wa jeshi wakafyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe. Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, kilivamiwa alfajiri na kikosi maalumu kutoka Nairobi kikafika saa nyingi baadaye. Walikufa 148. Kwenye hoteli ya DusitD2, tarehe 15 Januari 2019, walikufa 21, lakini askari walifika upesi na mamia ya watu wakatolewa wazima. Washambuliaji hawakuwa wamepungua ukali. Sisi ndio tulikuwa tumejifunza.

Basi nenda leo ukautazame mlango wa dharura wa ghorofa ya pili. Nina hakika una kufuli. Najua na sababu, ni wezi, na sababu hiyo ni ya kweli. Tia komeo la kusukuma, linalofunguka kwa ndani tu, na kengele ndogo inayolia mlango ukifunguliwa. Hela ya fremu inatosha milango hiyo na chenji inabaki.

Habari ya buibui nimeiacha hadi sasa kwa kuwa ndiyo nzito. Aprili 2014, kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengine wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Mtu aliyelala pale bila kosa hatakuja kukunong'oneza kwamba mtaani pameingia mgeni haeleweki, na bila mnong'ono huo polisi ni vipofu. Linganisha na basi lililovamiwa huko Mandera, Desemba 2015. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu wakakataa, na akina mama wakawapa wenzao hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa mwezi uliofuata.

Hata tukiacha utu pembeni, kumkagua mtu kwa nguo ni kazi mbovu. Mlinzi akishaamua kwamba hatari inavaa buibui, macho yake hayatazami tena mikono, wala mkoba unaomlemea mtu kupita kiasi, wala aliyepita geti mara tatu bila kuingia. Waliovamia Westgate walivaa nguo za kawaida kabisa. Weka utaratibu wa hesabu: kila mtu, au kila wa tano foleni ikizidi, awe bosi wa benki au muuza samaki. Ajiri mlinzi wa kike, mtengee pazia, na mwenye nikabu aombwe pembeni na mwanamke mwenzake, kwa adabu. Na kama kuna mama anayeuza mahamri hapo nje, walinzi wamjue kwa jina. Yeye huona geti lenu kuliko kamera.

Tumezoea mengi, dada. Binti yangu alikwenda Tanga kwa shangazi yake, akasimama mlangoni pa duka na mkoba wazi, akingoja kukaguliwa. Mwenye duka akamuuliza, "Unauza nini, mwanangu?"

Mwenye jengo aking'ang'ania fremu yake, mkubalie kwa sharti la walinzi wawili kila zamu, mmoja wa kutazama watu na mmoja wa kufungua mikoba, na wote wawe wamesajiliwa kama sheria ya walinzi binafsi ya 2016 inavyotaka. Kisha mwambie aandike barua moja fupi na kuitia sahihi: mlinzi atakayekataa kufungua geti kwa kuwa na shaka hatafukuzwa kazi, hata kama gari lilikuwa la mteja mkubwa, hata kama lilikuwa lake mwenyewe. Ibandike ndani ya kibanda chao, si ofisini kwako.