Ngozi ya Ngoma na Ngozi ya Mkanda

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza viatu na mikanda mjini Kabale, Uganda. Kwetu Kigezi, engozi ni machela ambayo wanakijiji humbebea mgonjwa mabegani hadi hospitali, lakini kwa Kiswahili nasikia ngozi ya mtu, ngozi ya ng'ombe, ngozi ya ngoma na ngozi ya kiatu. Mteja amenirudishia mkanda uliopigwa mhuri wa "ngozi halisi" baada ya kuanza kubambuka. Je, nilimdanganya? Neno hili mipaka yake ni ipi?
Msomaji, Kabale

JIBU: Ndugu msomaji, hukumdanganya mteja wako, kwa kuwa huenda mkanda ule ulikuwa na ngozi kweli. Tatizo ni kwamba neno hili moja hubeba vitu vinavyopishana sana kwa uimara, na wapigaji mihuri hunufaika na upana huo.

Kwa Kiganda, ngozi iliyo mwilini huitwa olususu, na iliyokwisha kuchunwa eddiba. Kiswahili kimeziweka zote chini ya jina moja, na mimi sioni kasoro hapo, maana neno linalofuata hutosha kubainisha: ngozi ya uso, ngozi mbichi, ngozi iliyosindikwa.

Tofauti iliyo nzito ni hiyo ya mbichi na iliyosindikwa. Ngozi mbichi ikianikwa hukakamaa, lakini ikilowa hulainika tena na kuoza. Hiyo ndiyo inayowambwa kwenye ngoma, kama ile ya kenge inayofunika engalabi, ngoma ndefu ya Buganda, na kule kukakamaa kwake ndiko kunakoipa ngoma mlio. Ukiwamba ngozi laini ya mkoba, ngoma haitalia sawasawa. Ngozi ya kiatu nayo imesindikwa: hulowekwa, hutiwa chokaa ili manyoya yang'oke, hukwanguliwa mabaki ya nyama, kisha hutiwa dawa inayoshikamana na kolajeni, yaani protini iliyoijenga, ili isioze hata ikinyeshewa. Dawa ya zamani ni maji ya magome ya miti kama miwati, nayo huweza kuchukua wiki kadhaa. Chumvi za metali iitwayo kromiamu, zilizoanza kuenea viwandani mwishoni mwa karne ya 19, hufanya kazi hiyo kwa muda wa siku moja hivi, na huiacha ngozi na rangi ya samawati kabla haijatiwa rangi nyingine.

Sasa tuje kwenye mhuri wako. Ngozi ya ng'ombe ni nene, kwa hiyo mashine huichana matabaka. Tabaka la juu, lenye vinyweleo, nyuzi zake zimesukana kwa karibu, na ndilo hudumu miaka mingi. Tabaka la chini ni dhaifu zaidi. Mara nyingi hupakwa utando wa plastiki na kuchorwa vinyweleo vya bandia, na mhuri wa "ngozi halisi" hugongwa hapo vilevile, kwa sababu kweli limetoka kwa mnyama. Nadhani mkanda wako ulikuwa wa namna hiyo, na kilichobambuka ni ule utando. Zipo pia bidhaa za vumbi na vipande vya ngozi vilivyogandishwa kwa gundi, na hatimaye kitambaa kilichopakwa plastiki, ambacho kukiita ngozi bila kuongeza neno "bandia" naona ni kumwibia mnunuzi.

Ukienda kuchukua mzigo mwingine, tazama ukingo uliokatwa ambao haujapakwa rangi: ngozi huonyesha nyuzi zilizosukana, na utando wa plastiki huonekana kama ganda jembamba juu yake. Kisha chunguza uso wenyewe. Vinyweleo vya asili havijipangi kwa usawa, ilhali vya kuchorwa hurudia mchoro uleule kila baada ya nafasi fulani. Ukikuta kovu dogo la kupe au la mwiba, usiukatae mkanda huo kwa ajili yake, kwa kuwa makovu ya namna hiyo hubaki kwenye tabaka la juu ambalo halijasuguliwa.