Unasoma usuluhishi wa migogoro? Anza na Lesotho

Wadogo zangu mnaoanza kusoma uhusiano wa kimataifa, kuna swali mtakutana nalo mpaka mnamaliza: nchi kubwa ikiingia kwa jirani inasuluhisha au inalinda maslahi yake? Wengi wanakimbilia Marekani na Urusi kwa sababu desa lipo tayari. Mimi nawaambia chukueni Afrika Kusini na Lesotho, maana huyu mdogo kazungukwa pande zote na mkubwa, kwa hiyo mkono wa mkubwa unauona wazi kabisa.

Ila msianze na 1998, mwaka majeshi ya Sauzi yalipoingia Lesotho. Rudini Januari 1986, Makaburu walipobana mipaka, bidhaa hazipiti, hazikuisha hata wiki tatu jeshi la Lesotho likampindua Waziri Mkuu Leabua Jonathan, na Oktoba mwaka huohuo mkataba wa maji ukasainiwa, maji ya milima ya Lesotho yanayokwenda jimbo la Gauteng huko Sauzi mpaka leo. Ukishajua hilo, ndo unaelewa kwa nini Septemba 1998 majeshi ya Sauzi yalipoingia na kwenda moja kwa moja kwenye bwawa la Katse la mradi huohuo wa maji, wakafa askari 16 wa Lesotho pale, watu hawakutaka kusikia habari za kulinda demokrasia.

Sasa chimbuko la 1998 lenyewe. Uchaguzi wa Mei, chama tawala cha LCD kinapata kama asilimia 60 ya kura halafu kinabeba viti 79 kati ya 80, wapinzani wao BNP wana karibu robo ya kura na kiti kimoja! Lazima watu wakeshe nje ya kasri la mfalme kupinga matokeo. Tume ya Jaji Pius Langa wa Sauzi ikachunguza, haikutamka kuwa uchaguzi ni batili, hali ikazidi kuchafuka, Waziri Mkuu Mosisili akaomba msaada. Tarehe 22 Septemba Sauzi wakavuka mpaka, Botswana wakafuata, Rais Mandela na naibu wake Mbeki wote wako nje ya nchi na kaimu rais wa Sauzi ni Buthelezi. Maseru mjini maduka yakaporwa na kuchomwa moto.

Hapa ndo asaimenti nyingi zinaishia, kwenye vifaru, na ndo zinapoteza maksi. Kilichofuata ndo kazi yenyewe: Desemba ikaundwa mamlaka ya mpito, vyama 12, kila chama watu wawili, wakabishana miaka hasa kuhusu namna ya kugawa viti, mwisho wakaongeza viti 40 vya uwiano (vinavyogawiwa kwa kuangalia asilimia ya kura) juu ya vile 80, na 2002 BNP wakapata 21. Mkubwa alilazimisha watu wakae mezani, lakini hesabu za viti walizibishania wenyewe.

Halafu linganisheni na 1994, mfalme kaipindua serikali ya Waziri Mkuu Mokhehle, marais Mandela, Mugabe wa Zimbabwe na Masire wa Botswana wakambana bila risasi hata moja kutoka nje, haukupita mwezi serikali ikarudi. Na ukiandika "SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika) iliingilia kati" bila kusema nani alileta askari na nani alitoa amri, mimi nakukata hapohapo.

Anayetafuta topiki ya utafiti aende 2014, Ramaphosa, naibu rais wa Sauzi wakati huo, ni msuluhishi, uchaguzi ukawahishwa mpaka Februari 2015, ukafanyika vizuri tu, halafu Juni Luteni Jenerali Mahao, aliyewahi kuteuliwa mkuu wa jeshi la Lesotho, akauawa kwa risasi na wanajeshi wenzake.