Levi ya watu wenye ulemavu hapa Ohio, Marekani: mimi naipigia "For" (ndiyo), na sababu zangu ni hizi

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umepata uraia mwaka huu, hii ndiyo kura yako ya kwanza, na kwenye sampuli ya karatasi ya kura ya kaunti yenu umeona kule chini kabisa levi, yaani kodi ya majengo inayopigiwa kura, ya kuendeshea huduma za watu wenye ulemavu wa ukuaji, kama usonji. Bili yako imeshapanda, na unataka kujua kama kuna ubaya ukiipigia hapana. Waliotangulia kukujibu wengi wamesema kodi ni kodi, kataa zote. Naomba nikujibu kwa urefu, maana mwanangu ni mmoja wa hao wanaoandikwa pale chini, na riziki yangu pia inatoka kwenye kazi hiyohiyo.

Mwanangu wa pili ana miaka 20 na ana usonji. Alipofika miaka miwili hakuwa na neno hata moja. Akitaka kitu anakuja, ananishika kifundo cha mkono, ananivuta hadi jikoni na kuubandika mkono wangu kwenye mlango wa friji, bila kunitazama usoni, kana kwamba mkono ule hauna mwenyewe. Mama mkwe kwenye simu kutoka Tanga alituambia tuvute subira, watoto wa kiume huchelewa. Daktari wake hakutaka subira. Alitupa namba ya kupiga, na baada ya wiki chache akaja nyumbani mama mmoja kutoka bodi ya kaunti. Nilikuwa nimemtandikia kitambaa kwenye kochi. Yeye akakaa chini kwenye zulia, ubavuni kwa mtoto.

Mtoto wakati huo alikuwa na mapenzi na mfuniko wa sufuria, anauzungusha sakafuni kutwa nzima. Sisi tulikuwa tunamnyang'anya. Yule mama akaomba mfuniko wa pili, akauzungusha naye, halafu akaukandamiza kwa kiganja na kungoja. Akangoja sana, mimi nimesimama mlangoni nimeshika mwiko. Mtoto alipoinua macho kumtazama, akauachia uzunguke tena. Akanifundisha kufanya hivyo kwenye kila kitu, wakati wa kuoga, wa kula, wa kuvaa viatu. Nikamuuliza kama tuache Kiswahili nyumbani, kwa sababu watu walituambia lugha mbili zinamchanganya. Akasema tusithubutu, tumsemeshe kwa lugha tunayombembelezea. Neno la kwanza la mwanangu lilikuwa "maji". Nililia mpaka baba yake akadhani kuna msiba nyumbani.

Hatukulipa hata senti. Nikadhani serikali kuu kule Washington ndio wanaolipa, na nikaishi na dhana hiyo miaka mingi. Kumbe sehemu kubwa ya mshahara wa mama yule ilitoka kwenye kodi ya majengo ya majirani zangu, watu ambao waliweka alama kwenye karatasi ya kura bila kunijua.

Ohio ndivyo ilivyojipanga. Kuna kaunti 88, na kila moja ina bodi yake ya huduma hizi. Sheria iliyoziunda ni ya 1967. Kabla ya hapo mzazi aliyezaa mtoto wa namna hii aliambiwa na madaktari ampeleke kwenye taasisi ya serikali, mbali, amsahau. Baadhi ya taasisi hizo zimekuja kufungwa juzi tu, ile ya Apple Creek ilifungwa 2006. Huduma zilihamia majumbani na mitaani, na bili ikahamia huko pia. Serikali ya jimbo inachangia, lakini uti wa mgongo ni levi, na levi haipo mpaka wapiga kura waseme ndiyo.

Sasa pesa zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu mzima mwenye ulemavu huu anasaidiwa kwa kitu kinachoitwa weiva ya Medicaid (Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Weiva ni pesa ambazo badala ya kulipia kitanda kwenye taasisi zinamlipia msaidizi wa kumwogesha, wa kumpeleka kazini, wa kulala naye nyumba moja. Kwa kila dola ya weiva, serikali kuu ya Marekani inatoa zaidi ya senti 60. Zilizobaki lazima zitoke huku kwetu, na kwa watu wengi anayezitoa ni kaunti, kutoka kwenye levi. Kaunti ikikosa senti zake, na zile za Washington haziji. Kwa hiyo anayekataa levi akidhani anaibana kaunti, anazuia pia pesa ambazo zilishakatwa kwenye mshahara wake mwenyewe kama kodi ya mapato.

Unalipa kiasi gani? Ohio haikutozi kwa thamani yote ya nyumba, inachukua asilimia 35. Nyumba ya dola 200,000 inahesabiwa kama dola 70,000. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 ya hiyo thamani iliyopunguzwa. Levi mpya ya mili 1, basi, ni dola 70 kwa mwaka, haifiki dola 6 kwa mwezi. Zidisha kwa mili zilizoandikwa kwenye karatasi yako. Halafu angalia neno lililoandikwa mwanzoni. Likiwa "renewal" peke yake, unaulizwa tu kama levi iliyopo iendelee, na kiwango chake hakiongezwi. Likiwa "additional", au "renewal" ikifuatiwa na "increase", hapo kuna nyongeza, na una haki ya kuuliza ni ya nini.

Na kuhusu bili iliyopanda, naelewa, hata yangu ilipanda. Baada ya tathmini ya thamani za nyumba ya 2023 hapa kaunti ya Franklin hakuna aliyepumua. Lakini usiitupie levi hii lawama isiyo yake. Kuna sheria ya Ohio ya 1976 inayozuia levi za kupigiwa kura zisivune zaidi kwa sababu tu nyumba zimepanda thamani: thamani ikipanda, kiwango kinashushwa ili kaunti ipate kilekile ilichoruhusiwa. Kama nyumba yako imepanda kuliko za wenzako, fungu lako litaongezeka kidogo. Ongezeko kubwa lilitoka kwenye sehemu nyingine za bili, hasa zile mili zisizopigiwa kura na baadhi ya kodi za shule. Bodi ya walemavu inakusanya dola zilezile huku mishahara, mafuta ya mabasi na bima vinapanda kila mwaka, ndiyo maana inabidi irudi kuomba.

Mtu ameandika hapo juu kwamba pesa zinaliwa na wakubwa. Bodi ina wajumbe saba, sheria inataka baadhi yao wawe watu wanaohudumiwa au ndugu zao wa karibu, na mikutano yake iko wazi. Mimi nimekwenda mara tatu. Nenda ukawaulize wakujibu wewe.

Naogopa umri wa miaka 22. Mpaka hapo shule ni haki ya mtoto, basi la njano linakuja mlangoni. Siku anapofikisha 22 basi haliji tena, na huduma za watu wazima hazina hiyo haki ya moja kwa moja: kuna orodha ya kusubiri, na pesa zikipungua orodha inarefuka. Mwanangu sasa yuko kwenye programu ya mafunzo ya kazi, anakunja taulo kwenye hoteli siku mbili kwa wiki. Anazikunja pembe kwa pembe, moja ikipinda anaikunjua na kuanza upya. Usiku anapanga nguo za kazi juu ya kiti, soksi juu ya shati, na hakuna ruhusa ya mtu kuzigusa. Nimebakiza miaka miwili kasoro, nami nimeshafika 51.

Kule nyumbani tulikotoka nilimwona binamu yangu mwenye ulemavu. Hakuna aliyemchukia, mama yake alimpenda kuliko sisi wote. Ila chumba cha uani kilikuwa na komeo kwa nje, kwa sababu mama alitakiwa aende sokoni auze ndipo wale, na hapakuwa na mtu wa kumwachia. Shangazi alipofariki binamu alizungushwa nyumba tatu ndani ya mwaka mmoja. Mapenzi yalikuwepo, kilichokosekana ni mtu anayelipwa kuja saa mbili asubuhi kila siku, mvua au jua. Watu wakiniambia ulemavu ni jukumu la familia, namkumbuka shangazi na lile komeo.

Na tuongee sisi kwa sisi. Wangapi humu wanafanya kazi kwenye nyumba za uangalizi? Tunasema tunabeba boksi, lakini jiji hili la Columbus wengi wetu hatubebi boksi, tunawabeba binadamu. Tunawapa dawa, tunawalisha, tunakesha nao. Ile saa unayolipwa inatoka kwenye weiva. Levi ikianguka, nyongeza ya mshahara unayoidai itatoka wapi?

Sikatai kwamba kuna anayeumia kweli. Jirani yangu ni bibi mjane anayeishi kwa Social Security (pensheni ya serikali), na dola 70 kwake si mchezo. Wazee wa aina yake, waliofika 65 na kipato chao hakizidi kiwango kilichowekwa, wana punguzo la kodi kwenye nyumba wanayoishi, linaombwa ofisi ya mkaguzi wa kaunti. Yeye hakujua, tulijaza fomu pamoja mezani kwake. Lakini wale waliozunguka 2025 wakikusanya saini ili kodi ya majengo ifutwe kabisa kwenye katiba ya Ohio, sikuwatilia saini. Niliwauliza weiva zitalipwa na nini, wakaniambia bunge litajua. Sina imani ya kumkabidhi mwanangu "litajua".

Kama wewe ni mpangaji, usiseme haikuhusu. Una kura sawa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba atakupitishia sehemu ya kodi yake kwenye pango, kwa hiyo ni pesa zako pia.

Ya mwisho ni ya kituo cha kupigia kura. Kama una Green Card (ukaazi wa kudumu) na bado si raia, usijiandikishe wala usipige kura, hata afisa akikupa fomu kwa makosa. Unaweza kupoteza kila kitu. Raia wapya, mwisho wa kujiandikisha ni siku 30 kabla ya uchaguzi. Kama leseni yako ya udereva, unayoionyesha kama kitambulisho, ilitolewa kabla hujawa raia, ibadilishe kwanza au beba pasipoti ya Marekani. Mzazi asiyejua kusoma Kiingereza anaweza kuingia na mtu anayemwamini amsaidie, sheria ya shirikisho inaruhusu, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Levi iko mwishoni, mara nyingi nyuma ya karatasi. Geuza karatasi. Wengi wanachagua wakubwa upande wa mbele, wanaondoka.

Aliyefuata kuuliza juu ya mtoto wake wa miaka mitatu asiyesema: dada, usingoje kesho, niandikie nikupe namba ya kupiga. Leo natoka kazini saa tano usiku, nitajibu wote.