Jiwe kuchomoka kwenye waya: gundi si dawa yake

Dada, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Una mawe ya kijani yenye madoa mekundu kutoka Longido, unayafunga kwa waya wa shaba wa umeme, ule wa namba 1.5, kutengeneza vidani, na wateja wanakurudishia: jiwe limechomoka, waya umekuwa mweusi, shingo imebaki na ukijani. Wengi wamekushauri gundi. Mimi kazi hii ndiyo inayoniweka mjini hapa Arusha, na gundi siipendekezi hata kidogo. Inalegea kwa joto na jasho, inaacha ukungu pembeni mwa jiwe, na siku mteja akitaka abadilishiwe waya, jiwe halitoki likiwa safi. Jiwe lililofungwa sawasawa linashikwa na waya peke yake.

Kwa ulivyoeleza, unazungusha waya mwingi mbele na nyuma mpaka uone limetulia. Wingi wa waya haushiki jiwe. Kinacholishika ni waya kupita mahali ambapo jiwe linakonda, ukalibana kwa mbele na kwa nyuma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla hujakata waya wowote, shika jiwe ulizungushe vidoleni, utafute ukingo wake. Lililokatwa umbo la yai, mgongo bapa na tumbo lililotuna, ndilo rahisi kuliko yote, anza na hilo. Jiwe la mviringo lililolainika kila upande liache kwanza, maana halina pa kuegemea.

Tuchukue jiwe la milimita 30 kwa 22. Zungusha uzi kwenye ukingo wake halafu upime huo uzi kwenye rula, utapata kama milimita 82. Kata nyaya tatu zenye unene wa milimita 0.8, kila mmoja sentimita 20 hivi, ili ubaki na ncha za kutosha juu. Zinyooshe kwa kuzivuta ndani ya kitambaa, kisha zilaze sambamba, zigusane bila kupandana. Weka alama ya kalamu katikati. Hapo katikati zifunge pamoja kwa waya mwembamba wa 0.4, mizunguko minne au mitano iliyobanana. Funga tena kulia na kushoto, kwa umbali unaolingana toka katikati. Mwanzo na mwisho wa kila mfungo uishie upande utakaogusa jiwe, usionekane nje.

Sasa pindisha hizo nyaya kulizunguka jiwe, alama ya katikati ikiwa chini kabisa, ncha zikutane juu. Usiukunje waya kwa plaizi hapa, tumia vidole, maana meno ya plaizi yanaacha makovu ambayo hata msasa hauyatoi vizuri. Kama plaizi yako ina meno, zungushia mdomo wake tepu au ngozi laini. Ncha zikishakutana, zibane hapo zinapokutana, ndiyo shingo ya kidani, kwa waya wa 0.6, mizunguko mitatu, usikaze mpaka mwisho.

Toa jiwe. Kwenye nafasi zilizo kati ya mfungo na mfungo, shika waya wa nyuma peke yake uuvute kuelekea ndani, milimita moja mpaka mbili, upate vijipinde vinne. Hicho ndicho kitanda cha jiwe. Lirudishe jiwe kwa mbele, likae juu ya hivyo vijipinde, halafu ndipo uvute waya wa mbele kulalia tumbo la jiwe kwa namna hiyo hiyo. Waya wa kati unabaki umekumbatia ukingo. Mwisho kaza shingo. Mara nyingi jiwe linachomoka kwa sababu mtu amebana mbele akaacha nyuma wazi, au vijipinde viwili vya upande mmoja ni vifupi kuliko vya upande wa pili.

Ncha sita zilizobaki juu, mbili zitengenezee kitanzi cha kupitishia cheni: zungusha kwenye kalamu ya wino, rudisha nyuma, ufungie shingoni. Nyingine upambe upendavyo au uzikate. Unapokata, shika pande zote mbili za waya na uvae miwani, kipande kinaruka moja kwa moja machoni.

Kabla hujauza, tikisa kidani karibu na sikio. Ukisikia mlio wowote, vijipinde havijabana. Halafu kipitishe juu ya soksi ya nailoni pande zote. Kikinasa, kuna ncha imejitokeza, ikandamize ndani au uilainishe kwa tupa ndogo. Mimi hili siliruki hata kama mteja amesimama ananisubiri. Ncha moja ikichana kitambaa cha mtu, harudi kwako.

Kuhusu mawe yenyewe. Hilo la Longido ni rubi, ndiyo yale madoa mekundu, ndani ya zoisaiti, madini ambayo hapa ndiyo kile kijani, na ukipitisha ukucha juu yake utasikia kitu ambacho macho hayaoni haraka: madoa mekundu yameinuka kidogo, kijani kimeshuka. Rubi ina ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 mpaka 10, zoisaiti iko kati ya 6 na 7, kwa hiyo linaposuguliwa kijani kinaliwa haraka kuliko wekundu. Fundi makini hukaribia kuvisawazisha, fundi wa haraka hukuachia vilima. Ukipitisha waya wa mbele juu ya kilima hicho, utacheza. Ligeuze jiwe mpaka waya upite kwenye kijani, na wekundu ubaki katikati ambako ndiko unakopendeza.

Aliyekushauri uanze na tanzanaiti kwa vile ndiyo inayouzika, simuungi mkono. Tanzanaiti nayo ni zoisaiti, lakini ni fuwele moja, na ina upande mmoja ambao ikibanwa au ikigongwa vibaya inapasuka kwa urahisi. Jiwe lako la Longido ni mwamba wenye chembe nyingi zilizoshikana, kwa hiyo linavumilia mkono unaojifunza. Baada yake nenda kwenye kwatzi na amethisti. Malakaiti, lile jiwe la kijani lenye mistari kutoka Katanga kule Kongo, ni nzuri mno ikiwa na waya wa shaba, ila ni laini, waya ukiteleza unaichora. Usiisugue wala kuikata ikiwa kavu, vumbi lake ni sumu.

Na ukinunua mawe ghafi, nunua kwa mwenye leseni ya madini na utunze risiti, hasa kama wateja wako wanasafiri nayo.

Waya sasa. Ile namba 1.5 kwenye waya wa umeme ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, unene wake halisi unakaribia milimita 1.4. Ni mnene mno kwa jiwe dogo, ndiyo maana unakuumiza vidole na bado haubani. Ufungue waya wa mtandao wa kompyuta: ndani kuna nyuzi nane, kila moja ina unene wa kama nusu milimita, na zinafaa sana kwa mifungo na mapambo. Ila kata ncha uikwangue. Ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, itakatikia mkononi. Waya wa kusukia mota nao unafaa na hauwi mweusi haraka kwa sababu una varnishi, lakini usiichome hiyo varnishi ili kuitoa, moshi wake ni mbaya.

Shaba inakuwa ngumu kadiri unavyoipinda. Ukihisi imeanza kukataa, na si ile yenye varnishi, ipitishe kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu iliyofifia, izamishe kwenye maji, itarudi laini. Hii ifanyike kabla jiwe halijaingia, kamwe si baada.

Weusi ni shaba kukutana na hewa na jasho, na ukijani wa shingoni unatokana na hilo hilo. Unatoka kwa sabuni. Waambie wateja ukweli huo kabla hawajalipa, na wavue kidani wakioga au wakijipaka mafuta. Ndimu na chumvi kidogo hung'arisha waya, lakini tumia pamba kwenye waya tu, usilizamishe jiwe, na malakaiti, lulu na kombe zisiguswe na ndimu kabisa, asidi inazila. Rangi ya kucha isiyo na rangi wanayokushauri hapa inabanduka vipande vipande baada ya muda na kidani kinaonekana kichafu kuliko mwanzo. Mwenye ngozi inayodhurika kirahisi mtengenezee kwa waya wa madini ya fedha ya 925, yaani yenye fedha halisi asilimia 92.5, umtoze kwa bei yake.

Ukimaliza kimoja kwa njia hii, weka picha hapa, ila piga mgongo wa kidani pia. Mbele wote tunapendezesha. Nikiona vijipinde vya nyuma nitakuambia kama jiwe litakaa.