Mgeni wa kujitolea anakuja Dar wikendi

Dada yangu umeuliza huyo binti wa Kijerumani anayejitolea kufundisha hapo kwenu Morogoro aje Dar Ijumaa jioni arudi Jumapili, apande nini na aende wapi. Mwambie apande treni ya SGR, toka 2024 hiyo ndo njia ya kwetu, haifiki hata masaa mawili, tiketi akate mapema maana wikendi zinaisha na pasipoti asiisahau. Basi sio baya ila linaishia Mbezi Luis, na kutoka pale mpaka mjini kwa foleni ya Ijumaa atachoka kabla hajauona mji.

Jumamosi asubuhi mapema aende soko la samaki la Feri, samaki ndo wanashushwa na mnada umechangamka, kisha avuke na pantoni Kigamboni na kurudi, mi naona ile safari fupi ndo inakuonyesha Dar yenyewe, watu na pikipiki na magunia wote pamoja. Akirudi atembee mpaka Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, ni karibu kabisa. Kariakoo asiende peke yake jamani, amtafute mwenyeji, simu aiweke mbali na barabara, bodaboda wanakwapua kweli. Jioni Coco Beach akale mihogo na mishkaki.

Jumapili alale tu, hawa vijana wanaojitolea wanajichosha sana. Na kama hana pa kufikia niandikie inbox, mama yangu Sinza ana chumba na atafurahi kupata mgeni.